BOMBA NA MIRIJA: Uhakiki wa Mkakati wa Kukuza Biashara ya Gesi Asilia

Katika darasa moja la siasa, kada kijana kutoka Mkoa wa Mtwara alituuliza swali ambalo siku ile hatukuweza kulijibu. Alisema: "Ndugu Mkufunzi, tumefundishwa kwamba njia kuu za uchumi zikiwa mikononi mwa umma, unyonyaji hukoma. Bomba la gesi ni mali ya umma. Linapita karibu na kijiji chetu. Mama yangu bado anapikia kuni. Je, hapo kosa liko kwa mama, kwa bomba, au kwa somo?"

Wenzake walicheka. Sisi hatukucheka, maana swali lile lilikuwa limegusa mzizi wa itikadi yetu. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliyataja mafuta na nguvu za umeme miongoni mwa njia kuu za uchumi zinazopaswa kumilikiwa na wakulima na wafanyakazi kwa kupitia serikali yao. Lakini umiliki ni hatua ya kwanza tu. Mtu aweza kumiliki ng'ombe na asinywe maziwa. Katika makala haya tunajaribu kumjibu ndugu yule kwa kuchambua mkakati uliotumika kuikuza biashara ya bomba la gesi nchini mwetu, tukianza na mambo yalivyo, kisha tukayapima kwa itikadi.

MAMBO YALIVYO

Gesi asilia iligunduliwa kwanza katika kisiwa cha Songo Songo, Wilaya ya Kilwa, mwaka 1974, na halafu katika Ghuba ya Mnazi, Mtwara, mwaka 1982. Mara zote mbili kampuni ya AGIP ya Italia ndiyo iliyochimba, na mara zote mbili iliona kwamba gesi ile haina faida ya kibiashara kwake. Hili ni somo la kwanza. Beberu alitafuta mafuta ya kuuza kwake. Gesi ambayo ingeweza kuwasha taa za Dar es Salaam na kutengeneza mbolea ya wakulima wetu kwake haikuwa mali. Thamani ya kitu hutegemea nani anakipima na kwa haja gani.

Shirika la Maendeleo ya Petroli, yaani TPDC, lililoundwa mwaka 1969, lilibaki na jukumu la kuilinda rasilimali hiyo. Katika miaka ya 1980 ulikuwapo mpango wa kujenga kiwanda cha mbolea Kilwa kwa kutumia gesi ya Songo Songo. Mpango huo haukutimia. Ikapita miaka 30 tangu ugunduzi, hadi mwaka 2004, ndipo gesi ya Songo Songo ilipofika Ubungo, Dar es Salaam, kwa bomba la kampuni ya Songas: kilomita 25 chini ya bahari na kilomita 207 nchi kavu. Kutoka hapo gesi ilizalisha umeme na kuchoma saruji ya Wazo Hill.

Bomba la pili ndilo kubwa, na ndilo kiini cha mjadala wetu. Lilianza kujengwa kwa mkopo wa takriban dola bilioni 1.2 kutoka Benki ya Exim ya China, likazinduliwa tarehe 10 Oktoba 2015. Bomba hili la umma linatoka Madimba, Mtwara, linaungana na tawi la Songo Songo huko Somanga, na kuishia Kinyerezi, Dar es Salaam. Urefu wake pamoja na tawi ni zaidi ya kilomita 500. Kipenyo chake kwenye njia kuu ni inchi 36, na uwezo wake ni kusafirisha futi za ujazo milioni 784 kwa siku.

KANUNI YA BOMBA

Kada hapaswi kuogopa hesabu. Anayeiogopa huishia kuwa mpiga makofi wa wataalamu. Kwa hiyo tueleze kanuni ya bomba kwa lugha nyepesi.

Uwezo wa bomba haukui sawasawa na upana wake. Ukiongeza kipenyo mara mbili, bomba linaweza kupitisha gesi zaidi ya mara tano, kama shinikizo na urefu ni vilevile. Gharama ya chuma na uchimbaji wa mtaro nayo hupanda, lakini haipandi kwa kiasi hicho. Ndiyo maana mhandisi yeyote atapendekeza bomba nene: likijaa, kila futi moja ya gesi husafirishwa kwa gharama ndogo sana.

Neno zito hapo ni "likijaa". Bomba si kama lori, ambalo lisipopata mzigo linaegeshwa na dereva akaokoa dizeli. Karibu gharama yote ya bomba hulipwa kabla gesi haijapita: chuma, mtaro, mitambo, riba. Bomba tupu na bomba lililojaa yana deni moja. Kama gesi inayopita ni nusu ya uwezo, basi kila futi inabeba mzigo wa deni mara mbili. Mzigo huo ama unaingia katika bei ya umeme na bei ya gesi ya kiwandani, ama unabebwa na hazina ya taifa. Hakuna mlango wa tatu. Na milango yote miwili inaelekea nyumbani kwa mkulima na mfanyakazi.

WENZETU WA UPANDE WA MITAJI WANAFANYAJE?

Hatuna budi kumjua bepari ili tujue tunachokikataa. Tuchukue mfano wa Marekani, nchi yenye mabomba mengi ya gesi kuliko nyingine yoyote. Mwaka 1997 Richard Kinder, aliyekuwa rais wa kampuni ya Enron hadi mwisho wa mwaka 1996, alishirikiana na William Morgan kununua mabomba ya Enron ambayo Enron yenyewe iliyaona ni biashara ya kizamani, isiyo na mvuto. Kutokana na mbegu hiyo ikaota kampuni ya Kinder Morgan. Mwaka 2012 iliimeza kampuni ya El Paso na kuwa miongoni mwa wenye mabomba makubwa kabisa ya gesi katika Amerika ya Kaskazini.

Siri ya ukuaji huo ilikuwa nini? Kwanza, kampuni haikutegemea bei ya gesi. Ilitoza ushuru wa kupitisha, kama mtu mwenye kivuko ambaye hajali abiria amebeba dhahabu au mihogo. Pili, kwa kawaida bomba jipya halijengwi kabla ya wateja kutia saini mikataba ya miaka mingi. Mikataba hiyo humtaka mteja alipie nafasi aliyoikodi hata kama hakupitisha gesi. Mamlaka ya shirikisho inayosimamia mabomba yanayovuka majimbo kwa sheria ya mwaka 1938 nayo imezoea kuitazama mikataba ya namna hiyo kama ushahidi kwamba bomba linahitajika. Tatu, sehemu kubwa ya mabomba ya Marekani iliwekwa chini ya ubia maalumu ambao haulipi kodi ya mapato ya kampuni, nao ukagawa karibu fedha zote kwa wenye hisa.

Hapo katika jambo la tatu ndipo ugonjwa ulipojificha. Anayegawa karibu kila senti kwa wenye hisa hana akiba ya kujengea bomba jipya, kwa hiyo hana budi kukopa au kuuza hisa mpya. Anayeuza hisa mpya hana budi kuahidi gawio kubwa zaidi. Na ili alipe gawio kubwa zaidi hana budi kununua au kujenga bomba jingine. Kampuni ikawa kama mwendesha baiskeli: akiacha kukanyaga anaanguka. Kufikia mwaka 2015 deni la Kinder Morgan lilikuwa limezidi dola bilioni 40. Bei ya mafuta ilipoporomoka wakopeshaji wakaingiwa na hofu, na mwezi Desemba mwaka huo kampuni ikakata gawio kwa asilimia 75. Mabomba hayakupasuka, na gesi haikukoma kupita. Kilichopasuka ni ahadi waliyopewa wenye hisa.

Tunajifunza mambo mawili hapo. La kwanza ni kwamba ukuaji kwa bepari ni shuruti la mtaji, hata pale ambapo hakuna jiko lililobaki bila moto. La pili, ambalo baadhi yetu hatupendi kulisikia, ni kwamba bepari huyo huyo ana nidhamu moja ambayo sisi hatukuwa nayo: kabla ya kuchimba mtaro anamjua atakayekuwa upande wa pili.

TUJIKOSOE

Sasa turudi nyumbani. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulitufundisha kujikosoa na kukosoana bila kuoneana haya. Tufanye hivyo.

Kosa la kwanza ni kujenga mlango mpana kuliko nyumba. Mitambo ya kusafisha gesi iliyojengwa pamoja na bomba ni miwili: Madimba wenye uwezo wa futi milioni 210 kwa siku, na Songo Songo wenye uwezo wa futi milioni 140. Jumla ni milioni 350. Hata mitambo hiyo ikifanya kazi usiku na mchana kwa uwezo wake wote, inalijaza bomba kwa asilimia 45 tu. Wanaolitetea husema kwamba bomba lilijengwa kwa ajili ya kesho, na mitambo huongezwa polepole. Hoja hiyo ina ukweli. Lakini riba haiisubiri kesho.

Kosa la pili ni kumtegemea mteja mmoja. Bomba lilipangwa hasa kwa ajili ya umeme. Mitambo ya Kinyerezi I yenye megawati 150 na Kinyerezi II yenye megawati 240 ndiyo iliyokuwa nguzo. Nia ilikuwa njema: taifa lilikuwa limechoshwa na mgawo wa umeme na gharama za mitambo ya dharura ya mafuta. Lakini taifa hilo hilo likajenga Bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji, lenye megawati 2,115, ambalo mtambo wake wa kwanza ulianza kutoa umeme mwaka 2024 na mitambo yote 9 ikakamilika mwaka 2025. Bwawa hilo ni fahari yetu, na hatusemi lilikuwa kosa. Tunasema kwamba maji na gesi vyote viwili ni mali ya umma mmoja, na umma mmoja hauwezi kuwa na mipango miwili isiyosalimiana. Kila megawati ya maji inayowashwa mchana wa mvua nyingi inapunguza gesi katika bomba. Kama wapangaji wetu hawakuiandalia gesi hiyo kazi nyingine, basi tumejishindanisha wenyewe kwa wenyewe, jambo ambalo bepari mwenye mabomba na mabwawa katika kampuni moja asingelikubali.

Kosa la tatu ni la sisi makada. Tuliulizwa mikutanoni bomba ni nini, tukajibu kwa kilomita. Ni wachache kati yetu waliouliza: limeunganishwa viwanda vingapi? Kuna nyumba ngapi? Umma umeelezwa nini kuhusu mikataba? Tulihesabu urefu wa bomba kama kwamba maendeleo hupimwa kwa futi kamba.

MAWAZO MATATU YASIYO SAHIHI

Katika mijadala ya gesi tumekutana na mawazo matatu ambayo hatuna budi kuyapinga kwa hoja.

Wazo la kwanza linasema: bomba likiwa la umma, ujamaa umekwisha jengwa. Wenye wazo hili wanachanganya hati ya kumiliki na matunda ya kumiliki. Shirika la umma linaweza kabisa kuwa na tabia ya mwenye kivuko tuliyemwona Marekani: likatoza, likajitanua, likajenga ofisi, na likamsahau abiria. Zamani tuliwaita wanyonyaji kupe, na vyombo vyao mirija. Bomba la umma lisilodhibitiwa na umma laweza kugeuka mrija mnene kuliko yote, kwa kuwa mirija ya zamani ilikuwa na kipenyo cha unyasi.

Wazo la pili linasema: kwa kuwa bomba halijajaa, tuliachie soko, tuuze gesi nje, na fedha zitakazopatikana zitatujengea kila kitu. Wenye wazo hili hutaja mradi wa kusindika gesi ya bahari kuu huko Lindi, uliokadiriwa kugharimu takriban dola bilioni 42, ambao mkataba wake wa awali ulitiwa saini Juni 2022. Hutaja pia makubaliano ya Mei 2021 ya kupeleka bomba kutoka Dar es Salaam hadi Mombasa. Hatupingi kuwauzia jirani na ndugu. Biashara na Kenya ni sehemu ya umoja wa Afrika tunaouhubiri. Tunachopinga ni mpangilio unaoweka kesho ya mbali mahali pa kazi ya leo. Azimio la Arusha lilitutahadharisha kwamba taifa maskini likizifanya fedha za nje kuwa silaha yake kuu, limechagua silaha ambayo haiko mkononi mwake. Mradi wa nje huamuliwa na bodi za kampuni za nje, kwa bei ya dunia, na kwa saa yao. Jiko la mkazi wa Mkuranga halihitaji idhini ya bodi hiyo.

Wazo la tatu linasema: gesi ya Mtwara ni ya Mtwara. Hili tulijadili kwa upole, maana limeandikwa kwa machozi. Mwishoni mwa mwaka 2012 wananchi waliandamana, na mwaka 2013, mwezi Januari na tena mwezi Mei, palitokea vurugu ambamo watu walipoteza maisha na mali. Kwa kipimo cha itikadi wazo lenyewe si sahihi: kama gesi ni ya Mtwara peke yake, basi dhahabu ni ya Geita peke yake, na bahari ni ya wa pwani peke yao, na hapo taifa limekwisha. Lakini chimbuko la wazo hilo ni la kweli. Kusini kulisubiri barabara, bandari na viwanda kwa muda mrefu kuliko sehemu nyingi. Watu walipoona mtaro unachimbwa kuelekea kaskazini, walisoma historia yao ndani ya mtaro ule. Walistahili maelezo na majadiliano kabla ya mtaro, na sisi tuliokuwa na kazi ya kueleza tulifika baada ya moshi. Makada wanaosema wananchi wale walipotoshwa tu wajiulize: mtu hupotoshwaje na mpita njia, kama mwenyeji wake alikuwa nyumbani?

MFANO WA ZAMANI

Hata hivyo historia yetu ina mfano mzuri. Rhodesia ya walowezi ilipojitangazia uhuru wake haramu mwaka 1965, Zambia ilikabwa koo, maana mafuta yake yalipita kusini. Tanzania na Zambia zikajenga bomba la mafuta la TAZAMA, kilomita 1,710 kutoka Dar es Salaam hadi Ndola, likaanza kazi mwaka 1968. Hilo ni bomba la mafuta, si la gesi, lakini kanuni ni moja. Lilijengwa kwa uamuzi wa kisiasa, tena wa haraka, na hakuna bepari aliyelidai. Lakini siku ya kwanza kila mtu alijua nani yuko mwisho wa bomba: migodi ya shaba, malori, na taifa zima la Zambia. Kwa hiyo si kweli kwamba siasa huharibu hesabu. Siasa iliyo wazi huipa hesabu mahali pa kuanzia, kwa sababu mteja wake ni haja iliyokwisha tajwa.

MKONDO SAHIHI

Je, tufanye nini? Tunaleta mambo manne yajadiliwe katika matawi na madarasa.

Kwanza, mkakati wa ukuaji upimwe kwa matawi madogo, si kwa urefu wa bomba kuu. Kazi ya inchi 36 imekwisha. Sasa ni kazi ya inchi 4 na inchi 2, ile isiyo na uzinduzi mkubwa. Viwanda vya vigae na chuma vya Mkuranga, na kile cha saruji cha Mtwara, vimeonyesha kwamba kiwanda kilicho karibu na bomba huacha makaa na mafuta mazito gesi inapofika. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024 unalenga asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034. Lengo hilo halitafikiwa kwa mitungi peke yake katika miji ambayo bomba linapita chini ya miguu ya wapishi.

Pili, gesi ipewe kazi ya kilimo. Mbolea ya naitrojeni hutokana na gesi. Kiwanda cha mbolea cha Tanga, kilichoanza mwaka 1972, kiliendeshwa kwa malighafi ya kuagizwa kutoka nje, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 kikafungwa. Wakati huo wote gesi ya Kilwa ilikuwa imelala ardhini. Kiwanda cha mbolea hutumia gesi kila siku, masika na kiangazi, hivyo ni mteja asiyetishwa na maji ya Rufiji. Kwake bomba litajaa, na kwake mkulima wa Songea atalitambua bomba ambalo hajawahi kuliona.

Tatu, mpango wa nishati uwe mmoja. Maji, gesi na jua vipangiwe zamu kwa pamoja. Katika mwaka wa ukame gesi iokoe bwawa. Katika mwaka wa mvua gesi iende kiwandani, jikoni na kwenye magari. Misururu ya bajaji na teksi iliyoonekana mwaka 2024 kwenye vituo vichache vya gesi jijini Dar es Salaam ilitosha kutuonyesha kwamba wateja wapo. Uhaba ulikuwa wa milango.

Nne, hesabu za bomba zisomwe na wananchi. Sheria ya mwaka 2017 ilitamka kwamba utajiri asilia ni mali ya kudumu ya wananchi. Mwenye mali huonyeshwa daftari. Kila mwaka halmashauri za Mtwara, Lindi na Pwani zielezwe kwa Kiswahili rahisi: imepita gesi kiasi gani, deni limepungua kiasi gani, wameunganishwa wangapi. Mkataba wa Songas wa miaka 20 ulifikia ukomo mwezi Oktoba 2024; ni wananchi wangapi walijua, miaka yote hiyo, ulisema nini? Bila daftari kuwa wazi, kada atarudi tena kueleza baada ya moshi.

HITIMISHO

Tunarudi kwa ndugu yetu wa Mtwara. Kosa haliko kwa mama. Yeye amefanya kila alichoambiwa: alitoa ardhi, alisubiri, na akamsomesha kijana wake mpaka akaja kutuuliza. Wala kosa haliko kwenye chuma cha bomba, kwa maana chuma hakina itikadi.

Kosa lilikuwa katika somo letu. Tulifundisha kwamba umma ukimiliki, kazi imekwisha. Kuanzia sasa tutafundisha kwamba siku umma unapomiliki ndiyo siku kazi inapoanza: kazi ya kupanga, kukagua, kuunganisha, na kuuliza kila mwaka mtiririko unakwenda kwa nani. Bomba lenye mlango kwa mpishi, kwa mkulima na kwa fundi wa kiwandani ni mshipa wa taifa. Likikosa milango hiyo, hata bendera yetu ikipepea juu yake, litabaki kuwa mrija unaosubiri mdomo.

Tunawaomba makada walijadili jambo hili bila woga, na wale wa kusini wawe wa kwanza kusema.